Bomba Lililokuwa Ukutani

Leo fundi amebomoa ukuta wa bafu langu, na siri yangu imeonekana.

Mwanangu ananifungia shawa mpya, maana sina tena nguvu za kunyanyua ndoo.

"Mzee, hili bomba la kutu linaelekea wapi?" fundi akauliza.

Nikainuka. Nikakaa. Nikainuka tena.

Linaelekea kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji ya zamu. Enzi za Ujamaa, nikiwa mwalimu kijana, nilifunga shawa mwenyewe bila kujua kazi, nikivuta maji ya mfongo kwa siri. Bomba likavuja chini kwa chini msimu mzima.

Migomba ya majirani wa chini ya mfereji ikakosa maji, ikakauka. Wazee wakamshuku jirani yangu Elimringi kuwa ndiye mwizi wa maji, wakamtoza faini ya mbege, pombe yetu ya ndizi.

Na mimi nilikunywa mbege ile!

Nimemwita Elimringi. Amekuja na mkongojo, akalitazama bomba.

"Mwalimu, nilijua. Ulikuwa unaoga huku unaimba, siku isiyo ya zamu yako."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Sasa pika mbege, zamu hii nanywa mimi."

Jamani, mbege huchukua siku kadhaa kuiva. Nani anakuja kuipika leo? Kwa umri huu, siku zangu siziamini.