Maoni Yote Yalikuwa na Jina Langu

Fundi wa kompyuta aliponiuliza, "Hapa niandike jina la nani?" sikufikiria hata kidogo. Nilimpa langu. Nilikuwa na miaka ishirini, shule niliishia kidato cha pili, na jina langu lilikuwa halijaandikwa mahali pengi zaidi ya kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo. Kuliona kwenye kioo cha mashine, ati mimi ndiye mwenyewe, kulinifanya nicheke peke yangu kama mtu aliyepata barua ya mchumba.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika ofisi ndogo ya kupiga taipu mjini Nyeri, juu ya duka la vitambaa. Programu ya kuandikia ilikuwa imezeeka, na fundi alitoka Nairobi kutuwekea mpya. Kazi kubwa iliyokuwa kwenye mashine wiki hiyo ilikuwa moja, kijitabu cha historia ya kanisa moja la upande wa Giakanja lililokuwa linatimiza miaka hamsini. Kabla fundi hajafika, watu watatu wa kamati walikuwa wameshakipitia. Kila mmoja alikuja siku yake, nikamsomea, akasema maoni yake, nami nikayaingiza pembeni mwa maandishi. Kabla ya kuanza nilibadilisha jina kwenye mashine, ili kila neno lijulikane limetoka kwa nani. Kamati ilikuwa imeshachoka na barua zisizo na sahihi, kwa hiyo walikubaliana mapema kwamba maoni yasiyo na mwenyewe yatafutwa.

Alhamisi asubuhi nilifungua kijitabu niwaandalie mkutano. Kesho yake disketi ilitakiwa kwa wachapaji. Ukipeleka mshale juu ya maoni, kisanduku cha manjano kilifunguka kukwambia ni ya nani. Ya kwanza, jina langu. Ya pili, langu. Nikashuka ukurasa hadi ukurasa. Langu, langu, langu, mpaka mwisho.

Nilishuka ngazi mbio nikamwomba mwenye duka la vitambaa simu. Fundi alinisikiliza huku anatafuna kitu.

"Hiyo programu mpya inajua mashine ni ya mtu mmoja," akasema. "Imewapa wote jina la mwenyewe."

"Na majina ya zamani yatarudi?"

"Hayo yameenda, dada."

Niliporudi juu nilikuta wameshafika. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu mwenye kalamu mbili mfukoni. Katibu, kijana anayefundisha Sunday school. Na cucu mmoja, bibi mzee kiongozi wa akina mama, ambaye kusoma hakujua lakini miaka hiyo hamsini alikuwepo yote. Niliwaeleza kilichotokea.

Katibu alitoa karatasi mfukoni. Yake alikuwa ameyaandika kwanza kwa mkono, tukayatambua haraka. Mwenyekiti naye aliyajua yake kwa kichwa. Yalibaki ya cucu, na kati ya hayo moja ndilo lililoniogopesha. Katika kijitabu, mwenyekiti alikuwa ameandika kwamba mawe ya kujenga kanisa yalibebwa na wanaume kutoka mtoni, wakiongozwa na baba yake. Cucu alikuwa amekataa. Alinishika mkono siku ile akaniambia, "Hata kama yote itatolewa, hiyo iachwe. Wenzangu wamekufa, hakuna mwingine atawasema."

Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya darasani: "Mawe hayo hayakubebwa na wanaume, bali yalibebwa na akina mama." Akamgeukia. "Cucu, haya ni maneno yako?"

Cucu alikunja uso. "Bali ni nini?"

"Ni... ni Kiswahili, cucu."

"Hiyo mimi sikusema. Siwezi kukubali maneno ya mtu mwingine."

Kosa halikuwa la programu peke yake. Mimi, na kidato changu cha pili, nilikuwa nimemsafishia cucu Kiswahili. Alisema "kitabu hii," nikaandika "kitabu hiki." Alisema vile anavyosema nyumbani, nikamvalisha "bali" na "akina." Nilidhani namheshimu, asichekwe na mwalimu. Sasa watu watatu walikuwa wanasikika kama mmoja, na huyo mmoja alikuwa na jina langu.

"Basi ni ya huyu msichana," mwenyekiti akasema. "Wewe, mawe yakibebwa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa sijazaliwa, Mwalimu."

"Umesikia mwenyewe." Akachomoa kalamu, akaiweka juu ya karatasi yake, tayari kuyafuta maoni hayo.

"Mwalimu, ngoja kidogo. Naomba niseme vile yeye alisema."

"Taipu si kanda ya redio, msichana."

"Mwache aseme," katibu akasema polepole.

Nikamgeukia cucu. Mwalimu sikuthubutu kumtazama.

"Ulisema, 'Ati wanaume? Hiyo mawe ni sisi tulibeba, na mukwa, kutoka huko chini mtoni, wengine wako na mimba. Wanaume walikuwa wanangojea huko juu wapange. Mimi niko na shimo kwa kichwa, gusa.' Na mimi nikagusa."

Cucu alipiga goti lake kofi. "Eee! Huyo sasa ni mimi! Kairitu, msichana wee, mbona hukuandika hivyo?"

Akafungua kitambaa chake cha kichwa. Pale juu ya paji la uso, ambapo mukwa, ile kamba ya ngozi ya kubebea mizigo, ilikuwa imelalia miaka mingi, palikuwa na bonde la kuingia kidole. Akainamisha kichwa upande wa mwenyekiti, akangoja. Mwenyekiti hakugusa, lakini aliangalia kwa muda mrefu, na kalamu ikarudi mfukoni.

"Baba alituambia..." akaanza.

"Baba yako alikuwa anapanga mzuri sana," cucu akamwambia, kwa upole kama anayebembeleza mtoto. "Ukuta imekaa mpaka leo. Lakini kubeba hakubeba."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu, "Walikuwa kina nani?"

Cucu akaanza kuwataja mmoja mmoja, kwa jina la baba na la kijiji, na mimi nikiandika kama anavyotamka, bila kusahihisha hata herufi. Alipofika wa kumi na nne vidole vikabaki hewani.

"Kuna mmoja amenipotea," akasema. "Alikuwa mfupi. Ngojeni."

Tukangoja, sote watatu, na mwenyekiti ndiye aliyeinuka kufunga dirisha ili kelele za barabarani zisimsumbue.