Siafu na Damu ya Bawabu

Kazini walimwita Siafu, na jina hakulikataa. Mwanamke asiyekalika yule! Chai aliinywa wima, na ukimwambia akae angalau apumue, anakujibu atapumua akistaafu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa maabara, kwenye chumba cha chini kabisa cha jengo, kisicho na dirisha hata la kuchungulia. Aliingia jua halijachomoza, akatoka limeshatua.

Kazi yake ilikuwa kulea chembe za damu. Walizipata changa kabisa, kutoka kwenye damu ya kitovu cha watoto wachanga, wazazi wakiridhia. Yeye akazikuza kwenye visahani ndani ya kabati la joto mpaka ziwe askari wa mwili, wale wanaomeza vijidudu. Chembe hizo zilikula maji ya damu ya watu, na maabara ile ilikuwa na utaratibu wake: wafanyakazi walitoa damu kidogo kila mwezi, ikachanganywa, maji yake yakachujwa. Siafu hakuupenda mchanganyiko huo. Huyu anavuta sigara, yule haishi mafua, nani ajuaye? Akaomba zamu zote ziwe zake. Akasema damu yake haina mambo, na wenzake, ambao hakuna aliyependa sindano, wakamwachia upesi mno.

Tangu mwezi huo chembe zikagoma. Kuzaliana zilizaliana, lakini zilibaki za kitoto, viduara vinavyoelea, kukomaa hazitaki. Siafu alibadili visahani, akabadili glavu, akalisugua kabati hadi vidole vikachubuka. Wapi! Mara ya tatu daktari mkuu wa maabara, mdogo wa kutosha kuwa mwanawe, akamwambia kwa upole kwamba itabidi waangalie usafi wa mikono yake. Mikono yake, ya miaka kumi na tisa! Iliuma, usiombe.

Na nusu ya akili ilikuwa nyumbani. Bintiye alikuwa na mimba ya miezi saba. Ile ya kwanza ilitoka siku alipokuwa anarudi sokoni, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Basi mimba hii ilipofika mwezi wa tatu tu, Siafu alimhamishia binti kwake, ghorofa ya nne, akampiga marufuku kugusa ngazi. Mkwewe, mtu wa safari za kikazi, hakupata pa kuweka neno. Hata mkunga aliitwa nyumbani. Mapazia Siafu aliyashona mwenyewe, mazito, joto lisimsumbue mjamzito. Na simu hazikukoma: umelala? Umekaa? Dirishani usiende, utashikwa na kizunguzungu.

Mwezi wa nne wa zamu zake akapata homa, na mwenye homa hatoi damu. Wenzake wote siku hiyo wakakumbuka shughuli. Aliyejitolea ni bawabu, mzee mcheshi anayeshinda getini juani, mikono ya shati kaikunja. Alisema labda chembe zenyewe zilikuwa zinangoja mgeni aje kuzisalimia. Siafu alinuna.

Siku ya sita alifungua kabati, akainamia darubini, akainuka, akainama tena. Chembe zilikuwa zimekomaa. Zimejinyoosha, zimeng'ang'ania sahani, zinameza kila zilichotupiwa. Miezi mitatu ya kusugua, kumbe dawa iko getini! Alitaka kucheka, moyo ukakataa.

Daktari alipima maji ya damu zote mbili. Ya bawabu ilikuwa na vitamini D tele. Ya Siafu ilikuwa karibu tupu. Akamweleza kwamba ngozi huitengeneza vitamini hiyo ikipigwa na jua, na kwamba chembe changa ya damu ina mahali pa kuipokea, na vitamini hiyo ni moja ya vitu vinavyoiambia chembe ikue iwe askari wa namna gani. Akaonya kuwa visahani vya watu wawili si ushahidi wa kutosha, watarudia. Ila kuhusu mikono, akamwomba radhi.

Siku nyingine Siafu angeidai radhi hiyo mara mbili. Safari hii hata hakuisikia.

"Na mtoto aliye tumboni," aliuliza, "yeye anaipata wapi?"

"Kwa mama yake," daktari akasema. "Hana pengine."

Alitoka saa sita mchana na koti la maabara mwilini, bila kuaga. Mganga hajigangi, sawa, hilo angelimeza. Lakini huyu alimfungia mgonjwa mlango kwa mkono wake mwenyewe. Alipofika nyumbani alipanda ghorofa nne bila kushika ukuta. Bintiye alikuwa kitandani gizani, akamuuliza kama amefukuzwa kazi. Siafu alivuta pazia kwa nguvu hadi fimbo yake ikaanguka.

"Vaa viatu. Tunaenda kliniki wakupime damu, na tunaenda kwa miguu."

"Mama, si ulisema nikishuka ngazi nitampoteza na huyu?"

"Nilisema. Nilikosea."

Walishuka pole pole, Siafu akitangulia kinyumenyume, mikono mbele. Mlangoni pa jengo binti alisimama, akajikinga macho kwa kiganja. Kwenye mwanga ule mama aliona jinsi alivyopauka usoni.

"Miezi minne, Mama," binti akasema.

Siafu alimshika mkono, na kwa mara ya kwanza maishani akangoja mtu mwingine aanze kutembea.