Dirisha Chini ya Mashua ya Baba

Jumamosi, tarehe kumi na tano Machi. Mvua ya usiku ilikatika alfajiri, na ziwa limetulia. Fundi amekuja kunibadilishia kioo cha dirisha hapa Kisumu. Alipofungua mkebe wa pati, ule udongo laini wa kushikizia kioo, ile harufu ya mafuta ikanirudisha nyumbani kwetu ufuoni, mbele ya Kombewa, nikiwa na miaka minane. Niliishia darasa la nane, kwa hiyo msinitegemee kwa maneno mazuri. Penye shaka nitasema nina shaka.

Baba alikuwa fundi wa mashua. Dereva mmoja wa lori alimwambia kwamba huko Mombasa kuna mashua zenye sakafu ya kioo. Watu hupanda na watoto wao, wakatazama samaki chini ya miguu bila kulowa hata kidole. Baba akachukua mashua kuukuu, akakata tundu katikati ya sakafu, ukubwa wa sinia la ugali, akaweka kioo kinene na kuziba kingo kwa pamba na pati. Ufuo mzima ulikuja kumtazama fundi anayetoboa mashua kwa makusudi.

Wengi walicheka. Mzee Odhiambo hakucheka, kwa sababu mbao zake zilikuwa tayari kwetu, zikingoja kuwa mashua ya uvuvi.

"Bwana fundi," alisema, "Jumapili baada ya kanisa nitapanda hiyo kitu. Ikiingiza maji, ama nikose kuona samaki hata mmoja, mbao zangu zinaenda kwa fundi mwingine."

Kusema haki, hakuwa mtu mbaya. Nani angempa mbao zake mtu wa aina hiyo? Lakini hata mimi nilijua kwamba akiondoka yeye, wengine watafuata, na Baba hakuwa na kazi nyingine.

Dani, mama yake Baba, alikuwa amekausha na kuuza samaki tangu ujana wake, na hakuwahi kupanda mashua. Jumapili hiyo alipanda pamoja nasi, na nguo yake ya kanisa.

"Mkizama wote," alimwambia Baba, "nibaki nikieleza watu nini?"

Kioo hakikuvuja. Ila chini yake palikuwa kijani tupu. Baba alipiga kasia huku, akapiga kule, jasho likimshuka shingoni.

"Naona mboga," Mzee Odhiambo alisema. "Tena ya jana."

Nilidhani Baba atalia. Labda nilikosea, labda ilikuwa jua. Ndipo Dani akasema, bila kumwangalia mtu, "Peleka kwa mawe. Pale nyavu zinapopasukia."

Hakuna mvuvi aliyekaribia mawe yale. Baba akasita, akifikiria kioo chake, kisha akasogea polepole. Kijani kikapungua, na chini yetu ukatokea mlima mdogo wa mawe, na ndani ya mawe kulikuwa na mji. Fulu, wale samaki wadogo wa kwetu, walikuwa wakiingia na kutoka kwenye nyufa. Wengine walikuwa buluu, wengine wekundu tumboni, na mmoja alikuwa akifukuza wenzake mlangoni kwake kama mwenye kiwanja Milimani kwa matajiri. Sijaona kitu kizuri kuliko hicho, na nimejaribu kukumbuka.

Dani aliinama, mkono kinywani. "Kumbe mna rangi," aliwaambia. "Mimi mnanijia mkiwa weusi."

Mzee Odhiambo alipiga magoti mpaka kofia ikamwanguka. Hakuiokota. Tuliporudi ufuoni alisema, "Fundi, yangu usiiweke dirisha. Nitakaa nikitazama hawa, nirudi nyumbani bila samaki."

Siku hiyo watu walimsifu Baba, nami nikatembea kama binti wa chifu. Nilikuwa mtu mzima nilipojiuliza Dani alijuaje mawe yalipo, mtu asiyewahi kukanyaga mashua. Miaka yote aliwasikiliza wavuvi wakimlalamikia juu ya nyavu zilizopasuka, na kwa malalamiko yao akawa amelijua ziwa lote. Aliokoa kazi ya mwanawe kwa maneno machache, kisha akanyamaza ili sifa zimwendee Baba.

Jioni tulikula ugali na fulu wa kukaushwa, waliopikwa kwa nyanya na kitunguu. Dani aliwatazama kidogo kwenye sahani, akasema, "Hata hapa ni wazuri," akawala na vichwa vyao.