Mkalimani Wangu ni Mama Mdogo, na Kanda Zimemuumbua

Wasomaji wenzangu, hamjambo? Naushukuru ukurasa huu kwa kunifichia jina, maana likitoka tu, Mpanda nzima itajua mimi ni mtoto wa nani. Ni kijana wa kiume, miaka ishirini na sita, niko mwaka wa mwisho chuo kikuu. Ripoti yangu ya utafiti iko mezani wiki ya tatu sasa, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Nimebanwa, na sioni pa kutokea.

Wazazi wangu walifariki nikiwa darasa la tano. Aliyenichukua ni baba mdogo, mwalimu wa shule ya msingi. Nilipokuwa bweni alihamishiwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, akawa mwalimu mkuu wa shule ya kijiji kimoja na kuoa Mrundi wa hukohuko. Huyo mkewe ndiye namwita mama mdogo, na ni mama kwelikweli. Nikija likizo ananinyang'anya nguo azifue. Ada, nauli ya treni, madaftari, vyote wamelipa wao, mimi kazi yangu ilikuwa kusoma tu kama mtoto wa waziri.

Kwenye utafiti nilichagua kuuliza kwa nini wasichana wa kijiji kile wanaacha shule kabla ya kumaliza. Niliandaa maswali, nikapanga kuwahoji akina mama majumbani, na kwa kuwa Kirundi changu kinaishia kwenye salamu, nikamwomba mama mdogo awe mkalimani. Nilijiona mjanja. Wenzangu walihangaika kutafuta wenyeji wa kuwapokea, mimi kila nyumba naletewa kiti. Niliwaahidi wale wamama kwamba majina yao sitayaandika, wakakubali niwarekodi kwenye redio kaseti.

Mama mmoja aliongea mpaka uji ukapoa, mikono inakwenda huku na huku. Mama mdogo akanigeukia: "Anasema wasichana wenyewe hawapendi shule."

"Maneno yote yale ndiyo hayo tu?"

Akacheka. "Mwanangu, Kirundi kina mzunguko mrefu."

Na mimi msomi nikaandika! Karibu kila nyumba jibu lilikuwa hilohilo. Nilifurahi, nikaandika kwenye rasimu kwamba majibu yanalingana, kwa hiyo yanaaminika. Nikiusoma ule mstari leo natamani kujizaba kibao.

Msimamizi wangu wa chuo aliniandikia barua: kabla sijaendelea, kanda zisikilizwe na mtu wa pili anayejua lugha. Nilikasirika, nikaona ananichelewesha bure. Nikampelekea dada mmoja fundi cherehani pale sokoni Mpanda, Kirundi ni lugha yake ya nyumbani. Alikuwa anashona huku anasikiliza. Mara akaacha kukanyaga cherehani.

"Kaka, huyu mama hajasema hivyo."

"Amesemaje?"

"Anasema binti yake alikuwa anashinda kwenye tumbaku ya mwalimu mkuu, kufunga majani kwenye vijiti. Mtihani ulipofika hajui kitu, akachapwa. Anasema, kama ni kufunga tumbaku, bora afunge ya nyumbani kwao."

Tukaweka kanda ya pili, ya tatu. Ni tumbaku tu. Na wale mabinti niliwaona kwa macho yangu. Kila likizo ya chuo, shule zikiwa wazi, walikuwa wanapita na sare zao kuelekea kwenye bani, banda letu la kukaushia tumbaku, nami nikawa nawasalimia. Sikuwahi kujiuliza kwa nini hawako darasani. Na ada yangu ilitoka kwenye tumbaku ileile. Wasomaji, niliona aibu mpaka chakula kikanishinda.

Nilirudi Katumba, nikamkuta mama mdogo peke yake anachambua majani ya tumbaku. Nikamwambia nimesikia kanda. Hakukana.

"Ulitaka mdomo wangu umshtaki mume wangu mbele yangu?" akasema. "Halafu wale hawakuwa wanaongea na wewe. Wewe ulikuwa na redio tu. Walikuwa wanaongea na mimi, nikamwambie mume wangu."

"Ulimwambia?"

Akainama kwenye majani yake, machozi yakamtoka. Hajamwambia mpaka leo.

Nikiandika ukweli, kuficha majina hakusaidii chochote. Kijiji kina shule moja na mwalimu mkuu mmoja, na baba mdogo anajua ni nyumba zipi tulipita, maana ratiba alinipangia yeye. Wale wamama nitakuwa nimewauza. Yeye naye atafukuzwa kazi, yule aliyenivalisha viatu vyangu vya kwanza. Nikiandika uongo napata digrii, na wadogo zao wale mabinti wanaendelea kufunga tumbaku.

Ningeweza hata kuomba mada nyingine, mwaka upotee. Lakini baba mdogo ana furaha jamani! Ameitisha mkutano wa wazazi mwisho wa mwezi ili niwasomee nilichopata. "Nyie wasomi mnaandika halafu mnafungia makabatini," aliniambia huku akinipiga bega. "Hii wananchi waisikie." Wamama wengi wa umri ule Kiswahili chao ni cha sokoni, kwa hiyo nitasoma kwa Kiswahili, na wa kutafsiri ameshachaguliwa. Ni mama mdogo.

Juzi nilimuuliza tufanyeje. Akanijibu bila kuniangalia: "Ukisoma la kweli, nitalitafsiri kama lilivyo. Ukisoma lile langu, nitalitafsiri pia. Mimi nimechoka kuchagua, mwanangu. Chagua wewe."

Ndugu zangu, wale wamama watakuwa wamekaa mbele yangu, wanasubiri kusikia walichosema, na baba mdogo yuko pembeni anatabasamu. Msinitukane, nishaurini. Nikisimama pale, nisome nini?