Mzee Luhaga Haketi Njiani

Watu wa Nyegezi walipenda kumsifu Mzee Luhaga, na sifa zao zote hazikuwa na maana. Mwaka ule wa uhuru alikuwa amepita miaka themanini na mitano, na bado kila asubuhi aliteremka mlimani kuwapeleka ndama ziwani, fimbo mkononi, bintiye Bernadeta na vitukuu wawili, Kija na Maige, wakimfuata nyuma. Hakupumzika njiani hata siku moja. Majirani walisema kutembea ndiyo dawa ya uzee, wakaanza kuwasimanga wazee wao waliokuwa wakiota jua uani. Hawakujua kwamba mzee yule alikuwa anaogopa kuketi.

Alikuwa na desturi yake. Kila walipofika kwenye mawe makubwa aliita bila kugeuka: "Bernadeta." Bintiye akajibu, "Nipo." Kisha Kija, kisha Maige. Baada ya hapo alinyamaza kidogo, ndipo akaendelea na safari. Watoto waliona ni mchezo, wakashindana kuitikia. Bernadeta hakuona mchezo wowote. Alikuwa na miaka sitini sasa, na kwa miaka mingi alikuwa akijiuliza baba yake anamsubiri nani katika kimya kile. Lakini baba yake hakuwa mtu wa kuulizwaulizwa.

Alikuwa akimsubiri Shimba, mdogo wake. Mwaka 1916, Mwingereza alipokuwa akimfukuza Mjerumani, Luhaga alikuwa mnyapara wa wapagazi, na Shimba alibeba sanduku la risasi katika kundi lake. Katika njia ya Tabora aliyeketi alipigwa, na asiyeinuka aliachwa. Shimba aliketi. Luhaga akamcharaza fimbo tatu mbele ya wenzake, wasije wakasema anapendelea ndugu. Shimba hakulia. Alisema tu, "Kaka, nimechoka. Wewe nenda."

Luhaga akaenda. Jioni alipoita majina ya kundi lake, aliliruka lile moja. Tangu hapo, kila alipotembea, alisikia hatua za mtu mmoja zaidi nyuma yake, taratibu, za mtu aliyechoka. Akisimama, nazo zinasimama. Ndiyo maana hakugeuka, na ndiyo maana hakuketi: aliogopa zitamfikia.

Asubuhi moja ya Desemba, bendera mpya haijamaliza hata wiki mbili, aliita kwenye mawe kama kawaida. Bernadeta hakuitikia. Akaita tena. Kija akamwambia kwamba bibi amebaki nyuma.

Mzee akageuka. Bintiye alikuwa ameketi kando ya njia, goti limevimba. Luhaga alimrudia mbio mbio kwa kadiri miguu yake ilivyoweza, akamwamuru ainuke. Bernadeta akatikisa kichwa. Fimbo ikapanda juu, na mzee mwenyewe hakujua imepanda saa ngapi.

"Baba, nimechoka," Bernadeta akasema. "Wewe nenda na watoto."

Mzee akazisikia zile hatua zikija nyuma yake, karibu kuliko siku zote, kisha zikakoma. Akaitupa fimbo majanini. Akashika bega la bintiye, akajishusha kidogo kidogo, magoti yakimlalamikia, mpaka akafika chini. Hapo akawasimulia yote, hata zile fimbo tatu hakuzificha, na machozi yalimtoka mbele ya watoto bila aibu.

"Alikuwa hai, mwanangu," alisema. "Nilimwacha akiwa hai."

Bernadeta alimwomba aite majina upya, safari hii yote. Mzee akaita moja moja, nao wakaitikia. Kisha akaita, "Shimba."

Hakuna aliyeitikia. Luhaga akasubiri kidogo kama alivyozoea, halafu akaanza kutafuta pa kujishikiza ili ainuke. Bernadeta akamshika mkono.

"Kaa, baba," akamwambia. "Tumngoje."

Wakakaa wote wanne. Ndama walipochoka kusimama, waliteremka ziwani wenyewe.