Nilivyojifanya Naharisha Kikima

Niliondoka kwetu Tulia kwa sababu ya uvimbe kwenye titi la kushoto. Ulianza kama punje ya mbaazi. Mwaka ule wa kipindupindu nilimwendea dresa anayetibu watu kwenye dispensari yetu, Muthui, mara tatu, na mara tatu alinijibu bila kuinua macho: "Mama, kama huharishi, rudi nyumbani." Mbaazi shambani zikavunwa, yangu ikawa yai. Namtaja Muthui kwa jina, na akisoma hapa ajue ni yeye.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la makaa na gauni jeupe la kanisani. Akili zangu hizo! Kwenye daraja la mto Athi askari walitusimamisha wakitaka cheti cha sindano ya kipindupindu. Sikuwa nacho. Nikadungwa pale pale, mkono ukavimba. Sasa nikawa na uvimbe mara mbili.

Jumanne jioni nikafika Kikima kwa dada yangu Kasyoka, aliyeolewa huko. Akaniambia hospitali ya misheni imejaa, hawapokei mtu ila wa kuhara.

"Basi kesho naharisha," nikasema.

Kasyoka akacheka mpaka chai ikamwagika. "Wewe? Hata mzee wako hujawahi kumdanganya akaamini!"

Jumatano saa mbili niliingia geti la hospitali nimeshika tumbo, napiga kelele. Sauti ninayo, nimeimba kwaya tangu niolewe. Watu wote walinipisha. Nikalazwa kwenye kitanda cha turubai chenye tundu katikati, ndoo chini yake. Nikanyweshwa maji ya chumvi na sukari jagi kwa jagi. Ndoo ikabaki kavu.

"Mama, bado?" sista akauliza.

"Inakuja, sista."

Mama wa kitanda cha pili, aliyekauka midomo, akanitazama. "Kama huumwi, mpishe mwingine. Kuna watu wamelala nje kwa nyasi." Niligeukia ukuta.

Alhamisi asubuhi daktari akaangalia ndoo. "Wewe huna kipindupindu. Umefuata nini?"

Mimi niliyetangazia Kikima nzima kwamba naharisha, nikashindwa kumtamkia mwanamume neno titi. Nikasema, "Kifua, daktari." Ndivyo nilivyomwambia Muthui pia, mara zote tatu. Lakini hata kifua chenyewe Muthui hakukipima!

Daktari akasikiliza mapafu, akasema ni mazuri, akaondoka. Sista akinivua gauni la wodi ndipo akaona. "Daktari! Rudi!"

Ilikuwa saratani. Chumba cha upasuaji nacho kilikuwa kimejaa wagonjwa wa kipindupindu, kwa hivyo nilingoja wiki tano kwa Kasyoka. Daktari alisema ningewahi angetoa uvimbe tu. Alikata titi lote.

Nilirudi Tulia na lori lingine, la vitunguu, nikilia, na abiria wakidhani ni vitunguu.

Jumapili wanawake wa kanisa walikuja kuniona na unga. Jirani yangu Mbithe alibaki nyuma, akaninong'onezea kwamba na yeye kifua kinamsumbua.

"Kifua ama titi?" nikauliza kwa sauti. Wazee waliowasindikiza walikuwa mlangoni.

Mbithe akainamisha kichwa. "Titi."

Nikaingiza mkono mwenyewe chini ya blauzi yake. Uvimbe ulikuwa mdogo, kama punje. Nikamwambia akaage watoto, lori la makaa linaondoka alfajiri, na asivae nyeupe.