Pikipiki Ambazo Mama Geti Hakuziandika

Shangazi yangu alilinda geti la msitu wa serikali kwa miaka ishirini na miwili, na kila mtu alimwita Mama Geti. Geti lenyewe lilikuwa mti mmoja uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, umefungwa jiwe upande mmoja ili uinuke kwa urahisi. Pembeni palikuwa na kibanda cha bati, benchi, na daftari kubwa ambamo kila chombo kilipaswa kuandikwa: namba, saa, mzigo, kinakokwenda. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa walimu wengi, naye alijua hivyo.

Magari ya mbao, enzi bado yakipita, aliyaandika yote. Pikipiki zetu hakuandika hata moja.

Sisi tulikaa ng'ambo ya msitu, nyumba kama arobaini zilizobaki baada ya kiwanda cha mbao kufungwa. Sheria ilitaka kila pikipiki iwe na kibali kutoka makao makuu, na kibali kilichukua mwaka mzima, kama hakikupotea. Kwa hiyo shangazi akisikia mlio wa pikipiki ya jirani aliinua geti, akauliza hali ya watoto, akaiacha kalamu ilale. "Nikikuandika, nakuandikia kesi," alisema. Tulimpenda kwa hilo. Tulimpelekea kuni na asali, tukajiona wajanja kweli kweli.

Aliyepita pale kuliko wote alikuwa baba yangu, kaka yake. Vumbi la mbao lilimla mapafu kule kiwandani, na kifua kikimbana hakuna dawa ya nyumbani iliyofua dafu; ilibidi apelekwe hospitali akawekewe hewa. Kwa njia ya msituni nilimfikisha kwa dakika arobaini, nimemfunga kwangu kwa shuka asianguke. Kwa barabara kuu, ile ya kuzunguka, ni saa nne.

Ndipo likabandikwa tangazo: idara ya misitu inaomba maoni ya wananchi kuhusu njia zipi za msituni zifungwe kwa vyombo vya moto. Mkutano darasani, Jumanne asubuhi. Tulifurahi, sitaficha. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kutuuliza kitu kabla hajakifanya.

Afisa alikuja na ramani yenye mistari ya kijani na myekundu. Alikuwa kijana mpole, na upole wake uliniudhi kuliko ukali. Akaeleza kwamba wezi wa mbao wanapitia humo humo, kwa hiyo njia isiyo na watumiaji itachimbwa handaki. Mfuga nyuki, jirani yetu, akasimama.

"Mkuu, njia yetu tunapita kila siku. Hatuna nyingine."

Afisa akafungua daftari. Nililijua jalada lake. "Mzee wangu, sikubishii, lakini mimi nakwenda na maandishi. Mwaka mzima uliopita vimepita vyombo viwili tu, pikipiki. Zote za idara."

Darasa zima likageuka kumtazama shangazi. Alikaa karibu na mlango, sare imepigwa pasi. Alibakiza miezi minane astaafu. Neno moja lake lingetosha: zilipita, ila sikuziandika. Neno hilo hilo lingemfukuzisha kazi papo hapo, bila kiinua mgongo, labda na mahakamani angefika. Mle ndani tuliojua ukweli tulizidi thelathini, na hakuna aliyefungua mdomo. Utamchomaje mtu aliyekusitiri miaka yote hiyo? Mfuga nyuki akakaa taratibu.

"Hakuna hata mmoja?" afisa akauliza. "Hata wa kupeleka mgonjwa?"

Nilikuwa nimeshainuka nusu. Baba akanivuta gauni, nikaketi, akasimama yeye.

"Mgonjwa wa huko ni mimi," alisema, akipumua kati ya maneno. "Nikienda hospitali nazunguka na barabara kuu. Daftari liko sawa."

Shangazi aliangalia viatu vyake. Nilimkazia macho mpaka yakaniwasha, wala hakuinua uso.

"Umejiua, baba," nilimwambia tulipotoka.

"Yule ni mdogo wangu. Nimpokonye kazi mbele za watu?"

"Na yeye kwako je?"

"Anaogopa, mwanangu. Kwani wewe huogopi kitu?"

Nikamjibu kwamba naogopa kifua chake tu. Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Mwezi uliofuata katapila likaja. Handaki lilichimbwa hatua mia moja kutoka getini, upana wake chumba kizima, kina chake kinamzidi mtu. Na njia ikishafungwa, geti la nini tena? Shangazi akapata barua kwamba kazi yake inaisha mwisho wa mwezi. Nilipoisikia habari hiyo nilicheka kwa sauti, Mungu anisamehe.

Barua haijamaliza wiki, baba akabanwa asubuhi, mvua inanyesha. Midomo ilikuwa imeshabadilika rangi. Saa nne hakuwa nazo. Nikamfunga kwa shuka, nikashika njia ya zamani hadi ukingoni mwa handaki, nikiomba tukimvusha tupate gari upande wa geti, nikaitupa pikipiki matopeni na kupiga kelele.

"Shangazi! Shangazi, baba!"

Alitoka kibandani mbio, akaserereka ndani ya handaki na sare yake. "Nipe mimi," alisema. "Nipe, nipe." Nikamteremshia. Akamweka mgongoni, akaanza kupanda upande wa pili, vidole vimekita kwenye udongo, nami nikamsukuma kwa nyuma. Katikati ya mteremko mikono ya baba ililegea, ikamteleza mabegani. Niliishika. Hapakuwa na mtu tena ndani yake.

Shangazi hakujua. "Kaka, vumilia, tumefika," alisema, akihema. "Kesho nakwenda makao makuu. Nitawaambia zilipita. Nitawaambia ni mimi, kaka, ni woga wangu, wanifunge tu. Unanisikia?"

Miezi miwili nilikuwa nimemwekea maneno makali, nikisubiri siku ya kumtupia. Siku yenyewe ilikuwa hiyo, na kali kuliko yote lilikuwa neno moja tu. Sikulisema. Niliendelea kumsukuma, nikamwacha amalize kuongea na kaka yake.